Fito mbili na kamba: shajara ya jumuiya yetu ya ufukweni

Naandika kama katibu wa jumuiya ya wamiliki wa mtaa wetu. Tuko viwanja 38, kumi kati yake viko safu ya mbele, vinatazama bahari. Shajara hii naihesabu kwa bamvu badala ya tarehe, kwa sababu kazi yenyewe inafuata maji. Bamvu huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na kati ya bamvu moja na jingine hupita siku 14 au 15. Siku hizo bahari hujaa mpaka mwisho na kupwa mpaka mwisho, na hapo ndipo unaweza kuuona ufukwe ukiwa wazi kuanzia juu hadi chini.

Bamvu la 1

Kikao cha wanachama wote. Ajenda zilikuwa saba, ya kwanza ikazimeza zilizobaki. Safu ya mbele wameleta ombi la maandishi: jumuiya ijenge ukuta wa zege kutoka kiwanja cha 1 hadi cha 10, na gharama igawanywe sawa kwa viwanja vyote 38.

Sababu yao si ya kubeza. Mchanga unaondoka. Mama wa kiwanja cha 10 alisimama akaeleza kwamba ngazi zake za kushukia ufukweni, ambazo zamani zilikuwa zikiishia mchangani, sasa zinaning'inia na mtu mzima hawezi kuruka. Anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Hakupaza sauti, na ukumbi mzima ulinyamaza.

Kelele zilianza ilipofika zamu ya safu ya nyuma. Mzee mmoja alisema bahari haijawahi kubisha hodi kwake, kwa hiyo haoni kwa nini achangie ukuta wa mtu mwingine sawa na mwenye nyumba ya ufukweni. Mwenye kiwanja cha 9 akamjibu kwamba yeye alijijengea ukuta wake miaka kadhaa iliyopita bila kumwomba mtu, na nyumba yake iko salama. Watu walirushiana maneno kwa zaidi ya saa moja. Nilikuwa naandika kumbukumbu, na nilipozisoma tena usiku niligundua kwamba katika maneno yote hayo hapakuwa na kipimo hata kimoja. Hakuna aliyejua mchanga umeshuka kiasi gani, wapi, na tangu lini.

Kabla kikao hakijafungwa niliomba bamvu nane za kupima. Wengine walikasirika. Mama wa kiwanja cha 10 ndiye aliyenikubalia, ila aliniambia, "Pimeni, mwanangu, lakini msipime mpaka nyumba yangu iwe ndani ya maji." Mwenyekiti akaidhinisha.

Bamvu la 2

Vifaa vya wapima ardhi viko juu ya uwezo wetu. Nilichokuta ni njia aliyoichapisha mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery mwaka 1961, inayohitaji fito mbili na kamba tu. Naieleza hapa kwa kirefu kwa sababu jumuiya yoyote ya ufukweni inaweza kuifanya.

Fito ziwe na urefu sawa. Zetu ni za mita moja na nusu, tumezipiga alama kila sentimita kuanzia juu kwenda chini. Kamba ya mita mbili inazitenganisha. Mtu mmoja anashika ufito wa juu, upande wa nyumba. Wa pili anashika ufito wa chini, upande wa bahari. Yule wa juu anainama mpaka aone ncha ya ufito wa chini imekutana na mstari wa upeo, pale bahari inapogusana na mbingu. Kisha anasoma mstari huo wa macho unakata wapi kwenye ufito wake mwenyewe. Namba hiyo, ikihesabiwa kutoka juu, ndiyo kiasi ambacho ufukwe umeshuka kati ya fito hizo mbili. Mtu wa tatu anaandika. Mnasogea mita mbili, mnarudia, hadi majini. Ukijumlisha unapata umbo zima la ufukwe. Mahali ambapo mchanga unapanda kuelekea baharini, mnageuza: mnatazama juu ya ncha ya ufito wa nyumbani na kusoma kwenye ule wa bahari.

Tumeweka mistari mitatu. Mstari A uko mbele ya ukuta wa kiwanja cha 9. Mstari B uko kiwanja cha 10, hatua chache kutoka pale ukuta ule unapokomea. Mstari C uko kiwanja cha 3, ambacho mwenyewe hajawahi kukifyeka upande wa bahari, na mlakasa, ule mmea wa ufukweni, umetambaa mpaka karibu na alama ya maji. Kila mstari unaanzia kwenye kigingi cha chuma kilichomwagiwa zege ardhini. Kigingi hakiguswi. Kikiguswa, vipimo vyote vya nyuma vinakufa.

Kosa la siku ya kwanza: kwenye mchanga uliolowa fito zinazama sentimita mbili tatu bila wewe kujua. Tumepigilia kibao kidogo chini ya kila ufito, na mstari A tukaupima upya.

Bamvu la 3

Wakati tunapima mstari C tulisikia harufu kutoka kwenye mtaro wa maji ya mvua, unaomwaga ufukweni karibu na kiwanja cha 1. Harufu hiyo imelalamikiwa miaka mingi. Kila aliyelalamika alikuwa na jirani wa kumnyooshea kidole.

Safari hii tulitumia rangi. Iko rangi ya kijani ing'aayo, fluoresini, ambayo mafundi wa maji huitumia kufuatilia mkondo. Unaiyeyusha kidogo chooni, unavuta maji, halafu mtu anakaa kwenye mdomo wa mtaro akisubiri. Tuliomba ruhusa nyumba kwa nyumba, wote tisa wanaopakana na mtaro wakakubali, tukawapa kila mmoja siku yake ili tusichanganye. Siku tisa hapakutokea kitu. Siku ya kumi kijana wetu mmoja akauliza mbona hatujajaribu choo cha walinzi pale getini. Chini ya saa moja maji yakatoka ya kijani.

Choo kile tulikijenga sisi, jumuiya, kwa michango yetu. Tangi lake limepasuka na linavujia mtaroni, na halijawahi kuwa katika orodha ya ukaguzi ya mtu yeyote kwa sababu si la kiwanja cha mtu. Niliandika barua ya kuwaomba radhi majirani wawili ambao kumbukumbu zetu za zamani ziliwataja kama wahusika. Barua hizo nilizipeleka mwenyewe, mkono kwa mkono.

Tangi limetolewa maji na fundi ameanza kuliziba. Sampuli ya maji ya bahari imepelekwa maabara kupimwa enterokoki, bakteria wa utumbo ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza watumike kupimia usalama wa maji ya kuogelea baharini. Mpaka majibu yarudi tumeweka kibao cha kukataza watoto kucheza pale.

Bamvu la 4

Ukungu. Upeo hauonekani, na bila upeo fito hazisomi kitu. Tulisubiri hadi maji yalipoanza kurudi, tukaondoka.

Ada: viwanja 29 vimelipa, tisa bado. Mweka hazina anapita kwa wadaiwa mwenyewe badala ya kutuma ujumbe, na wawili walilipa papo hapo.

Bamvu la 5

Vipimo viko vizuri, na tofauti imeanza kuonekana: mstari C umekaa karibu vilevile, B umeshuka. Sisemi zaidi kwa sasa. Ufukwe hupumua, mchanga hutoka na kurudi kwa majira, na vipimo vya mwezi mmoja na nusu ni vichache mno kukatia shauri.

Jambo lililochukua wiki mbili hizi ni njia. Kati ya kiwanja cha 5 na cha 6 kuna kichochoro cha kushukia baharini, na mmoja wa majirani amekifunga kwa geti na kufuli. Wavuvi na watu wa mitaa ya nyuma wamekuwa wakizunguka mbali. Jirani analalamika kuhusu makelele ya usiku na taka, na taka kweli zipo, nimeziona. Lakini ramani ya awali ya ugawaji viwanja inaonyesha kichochoro kile hakimo ndani ya mipaka ya kiwanja chochote.

Nilipokwenda kuzungumza naye sikuanza na ramani. Nilianza na taka, tukakubaliana jumuiya iweke mapipa na mlinzi apite usiku. Ndipo nikamwonyesha ramani. Kisha nikamwambia jambo ambalo huwa linanigusa kila nikilikumbuka: mwaka 533, sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian ziliandika kwamba hewa, maji yatiririkayo, bahari na fukwe zake ni vya wote kwa asili. Watu wameligombania jambo hili tangu wakati huo mpaka leo, na nchi nyingi bado zina sheria zinazofuata mkondo huohuo. Alisikiliza. Akaomba geti libaki, kufuli liondoke. Nimekubali kwa niaba ya kamati, na najua kuna wajumbe watakaosema nimelegeza. Mimi naona geti lisilo na kufuli linampa usingizi na halimzuii mtu.

Bamvu la 6

Wageni wawili kwa wiki moja. Wa kwanza alitoka kampuni inayojenga kuta. Alileta picha nzuri na dhamana ya miaka mingi kwamba ukuta hautaanguka. Nikamuuliza dhamana inasemaje kuhusu mchanga ulio mbele ya ukuta. Haikusema chochote.

Wa pili ni mhandisi wa pwani, rafiki wa mmoja wa wanachama, aliyekuja kwa hisani. Alitembea nasi kwenye mistari yote mitatu maji yakiwa yamekupwa, akasimama mbele ya ukuta wa kiwanja cha 9, akatuonyesha msingi wake. Mwenye ukuta alikuwepo. Alikiri kwamba siku ulipomalizika msingi ule ulikuwa umefukiwa kabisa.

Maelezo ya mhandisi nayaandika kama nilivyoyaelewa. Wimbi halizidi urefu fulani kulingana na kina cha maji lililopo: likifika takriban asilimia 78 ya kina, linavunjika. Mahali penye kina cha mita moja, wimbi kubwa kabisa linalofika likiwa zima ni la kama sentimita 80. Ufukwe wenye mteremko wa taratibu huyavunja mawimbi mbali, yanafika nyumbani yakiwa povu. Ukuta hauvunji wimbi kwa namna hiyo. Unalirudisha, na wimbi linaporudi linachota mchanga ulio chini ya ukuta. Mchanga ukishuka nusu mita, kina kinakuwa mita moja na nusu, na sasa linafika wimbi la karibu mita 1 na sentimita 20. Nguvu ya wimbi haiongezeki sawasawa na urefu wake, inakwenda kwa kipeo cha pili, kwa hiyo wimbi hilo lina nguvu zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Ukuta wenyewe unajiletea mawimbi makubwa zaidi.

Kisha tukasogea hatua chache hadi kwa Mama wa kiwanja cha 10. Pale ukuta unapokomea, maji yanajipinda na kula pembeni. Pia mchanga kwetu husafiri kutoka upande wa kiwanja cha 1 kwenda wa 10, mawimbi yanapokuja kwa mshazari. Ukuta umefungia akiba ya mchanga iliyokuwa nyuma yake, na jirani anayefuata ndiye anayekosa mgao.

Mwenye kiwanja cha 9 hakusema neno mpaka tulipomaliza. Kisha akanivuta kando akaniuliza kama Mama yule amekwisha kuambiwa haya. Nikamjibu bado. Akasema, "Basi nitamwambia mimi." Alikwenda jioni ileile. Sijui walizungumza nini, na si jambo la shajara.

Bamvu la 7

Dhoruba iliangukia siku ya bamvu lenyewe. Mambo haya mawili yakikutana ndipo nyumba huondoka. Kanieneo ya hewa ikishuka, bahari hupanda, kama sentimita moja kwa kila hektopaskali moja (kizio cha kupimia kanieneo), na juu ya hapo upepo unayasukuma maji yajazane ufukweni.

Saa nane usiku Mama wa kiwanja cha 10 alinipigia simu. Tulifika watu kumi na wanne, wengi wao wa safu ya nyuma, na yule mzee aliyesema bahari haijabisha hodi kwake alikuwa miongoni mwao, amebeba magunia mabegani. Tulijaza magunia ya mchanga mpaka maji yalipoanza kurudi. Ngazi zimekwenda. Mita tatu za bustani zimekwenda pamoja na mti wa kivuli. Nyumba imesimama.

Vipimo vya asubuhi yake: mstari C ulipoteza mchanga sehemu ya juu, lakini mlakasa na tuta lake dogo vimebaki, na mchanga uliochukuliwa unaonekana kama fungu chini kidogo, ukisubiri kurudi. Mstari A hauna mchanga wa kuzungumzia. Maji yanagusa ukuta hata yakiwa nusu. Mstari B, pale kwenye kigingi, umeshuka sentimita 34. Zege la kigingi limesimama hewani.

Nilipiga picha kigingi kile, nikaituma kwa wanachama wote 38 bila maelezo.

Bamvu la 8

Hili ndilo bamvu ninaloliandika kwa uzito kuliko yote.

Nilipokuwa natafuta tarehe ya kujengwa choo cha walinzi, nilipitia daftari la geti la miaka mitatu. Mlinzi wetu huandika kila gari linaloingia na kutoka na limebeba nini. Nikaanza kuona mstari uleule ukijirudia: lori, limetoka, mchanga.

Mdomo wa mtaro huziba kwa mchanga unaosukumwa na mawimbi. Miaka mitatu iliyopita tulitafuta mtu wa kuuzibua, na aliyepatikana alikubali kufanya kazi bila malipo mradi aruhusiwe kuondoka na mchanga anaouzoa. Kamati ilifurahi, hazina ikapona. Makubaliano yale yana sahihi tatu, na moja ni yangu.

Nilihesabu malori 64. Kwa lori la mita za ujazo saba, ni mita za ujazo 448. Ufukwe wetu una urefu wa kama mita 300. Ukichukua upana wa mita 20, mchanga ule ungetosha kuunyanyua wote kwa zaidi ya sentimita saba. Tena ulitolewa upande wa kiwanja cha 1, kwenye chanzo cha safari ya mchanga kuelekea kwa wengine wote. Haielezi kila kitu. Ukuta una sehemu yake, na bahari yenyewe inapanda: Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka. Lakini juu ya bahari inayopanda hatuna amri. Juu ya lori tulikuwa nayo.

Nilipeleka hesabu kwa mwenyekiti kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha kwa Mama wa kiwanja cha 10. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote na kumwonyesha sahihi yangu. Alitazama karatasi muda mrefu. Akauliza, "Malori yameacha kuingia?" Nikamwambia yameacha tangu jana. Akasema haya, tuendelee.

Majibu ya maabara yamerudi, yale ya baada ya tangi kuzibwa: maji ya mdomo wa mtaro yamo ndani ya kiwango kinachokubalika. Kibao cha katazo kimeondolewa.

Jambo jingine la bamvu hili, dogo kwa kurasa lakini limeniuma. Baada ya dhoruba majirani kadhaa walifunga taa kali kuelekea baharini ili waone maji yakija. Asubuhi moja tulikuta watoto wa kasa wamekufa barabarani, nyuma ya nyumba. Kasa akianguliwa hufuata upande wenye mwanga, na kwa asili upande huo ni bahari. Tumeomba taa zote za safu ya mbele zishushwe, zifunikwe upande wa bahari, na zibadilishwe ziwe za rangi ya kaharabu, ambayo haiwavuti sana kama nyeupe. Nyumba nane zimetii bila kusukumwa. Mbili nitazirudia.

Bamvu la 9

Kikao cha maamuzi. Waliohudhuria ni wenye viwanja 33, akidi ipo, na katiba yetu inataka theluthi mbili kwa kazi yoyote kubwa.

Nilisoma vipimo vyote, kisha nikasoma hesabu ya malori na jina langu. Palikuwa na hasira, na ilikuwa haki yao. Mmoja alitaka nijiuzulu. Nilisema niko tayari, ila vipimo visisimame. Mwenyekiti aliliweka kwa kura, nikabakizwa.

Lililotusumbua zaidi ni mgawanyo wa gharama. Hapo nilileta mafunzo ya Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza malisho, misitu, maji na maeneo ya uvuvi wanayoyatumia pamoja. Mambo mawili kati ya aliyoyabaini tumeyaingiza kwenye kanuni zetu mpya. La kwanza, wanaoguswa na kanuni washiriki kuitunga, na mchango ulingane na faida. La pili, adhabu ianze ndogo na kupanda kwa ngazi. Anayekosea mara ya kwanza anaonywa, hatozwi faini ya kumvunja.

Uamuzi ulipita kwa kura 27. Hakuna ukuta wa pamoja. Safu ya mbele inachangia sehemu mbili pale safu ya nyuma inapochangia moja. Mwenye kiwanja cha 9 atavunja mita za mwisho za ukuta wake na kuweka mteremko wa mawe unaoshuka taratibu, kwa gharama yake, kibali cha mamlaka ya mazingira kikitoka. Mchanga wote utakaozolewa mtaroni unapelekwa kiwanja cha 10 na hauvuki geti. Uzio wa fito za kukamatia mchanga unajengwa mbele ya viwanja vya 7 hadi 10. Mama anasaidiwa kusogeza tangi lake la maji taka nyuma ya nyumba, maana mita tatu zilizoliwa na bahari zimeliacha pembeni kabisa.

Na marufuku moja ambayo haigharimu chochote: watunza bustani wasifagie tena majani ya bahari yaliyokauka ufukweni. Najua yananuka. Lakini mchanga unaopeperushwa na upepo hunaswa humo, na tuta huanzia hapo. Mwenye kiwanja cha 3 hajawahi kuyafagia, na mstari wake wote tumeuona.

Kura sita za kupinga ni za watu wanaoogopa kwamba tumechelewa. Sina jibu la kuwatuliza, na nimeandika hoja zao kwenye kumbukumbu neno kwa neno.

Bamvu la 10

Uzio umekamilika. Fito zimeachiwa nafasi kiasi kwamba nusu ni mti na nusu ni uwazi. Zikibanana sana upepo unaruka juu na kuchimba nyuma, zikiachana sana mchanga unapita. Tumeacha mapengo kwa ajili ya kasa wanaopanda kutaga. Vipande vya mlakasa kutoka kiwanja cha 3 vimepandwa nyuma ya uzio, na watoto wa safu ya nyuma wamejipangia zamu ya kumwagilia mpaka vishike.

Mzigo wa kwanza wa mchanga wa mtaroni umemwagwa kiwanja cha 10. Lori lilizunguka kwa ndani, halikupita getini. Mlinzi aliliandika hata hivyo.

Kibali cha kuvunja mwisho wa ukuta bado. Nyumba mbili za taa: moja imebadilisha, nyingine imeahidi.

Leo ufito wa chini aliushika mwenye kiwanja cha 9, na Mama wa kiwanja cha 10 alikaa kwenye kiti kivulini akiandika namba, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kwetu sote. Mstari A: hakuna badiliko. Mstari C: umerudi karibu pale ulipokuwa bamvu la 5. Mstari B, kwenye kigingi: chini sentimita 31. Bamvu la 7 ilikuwa 34. Sehemu ni ule mchanga tuliomwaga wenyewe, kwa hiyo Mama ameandika "31" na pembeni yake "tumemwaga", akapiga mstari.

Kipimo kijacho ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji yakianza kusimama. Fito ziko kwa mlinzi.